Mwajiri ananikata PAYE kubwa kuliko mwenzangu, kaka wa Marekani anarudishiwa kila mwaka: nifanyeje?

SWALI

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa shule binafsi hapa Dar es Salaam, naishi Tabata na mume wangu na watoto wetu wawili. Mshahara wangu wa msingi ni Sh 750,000 na posho ya usafiri Sh 100,000, jumla Sh 850,000. Kwenye slipu yangu ya mshahara kila mwezi nakatwa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 85,000, PAYE (kodi ya mshahara) 90,500 na Bodi ya Mikopo (deni la chuo) 112,500. Kinachoingia benki ni 562,000. Mwenzangu niliyesoma naye chuo, anayefundisha shule nyingine kwa mshahara na posho kama zangu, anakatwa PAYE 69,250. Nilipomuuliza mhasibu wetu alinijibu kuwa kompyuta ndiyo inayokokotoa, akaendelea na kazi zake.

Kuanzia Julai hadi Desemba mwaka jana nilifundisha pia jioni kwenye chuo kimoja cha ufundi, kwa mkataba wa ajira wa miezi sita, Sh 300,000 kwa mwezi. Huko walinikata kodi 90,000 kila mwezi. Mbona mshahara mdogo unakatwa sawasawa na ule mkubwa?

Kaka yangu yuko Texas. Yeye kila mwaka anajaza fomu na kurudishiwa hela. Sasa ameniomba vyeti vya kuzaliwa vya watoto wangu ili awaingize kwenye fomu yake, kisha tugawane kitakachorudi. Nimeshindwa kumjibu. Nikajiuliza pia, mbona hapa kwetu watoto na ada za shule havipunguzi kodi?

Mume wangu ni fundi umeme. Kampuni moja ilimlipa ufundi wa Sh 1,200,000, ikazuia 60,000 ikidai ni ya TRA (Mamlaka ya Mapato). Hajui kama hela hiyo imekwenda moja kwa moja au inarudi.

Na kuna kijana anapita shuleni akisema anaweza kutudaia PAYE ya miaka mitano iliyopita. Anataka 50,000 ya kuanzia na nywila za akaunti zetu za TRA. Walimu wawili wameshampa.

Naomba unifafanulie polepole.

Mama wa Wawili, Tabata

JIBU

Dada yangu wa Tabata, hongera kwa kutunza slipu zako. Bila namba hizo ulizoandika tungekuwa tunabahatisha. Kwa namba hizo, kuna fedha yako iliyokatwa zaidi ya stahili, na ipo sehemu mbili tofauti. Kila sehemu ina mlango wake wa kudaia, na ukigonga mlango usiohusika utazungushwa miezi bila jibu. Kwa hiyo kwanza tujue imekwama wapi.

Tuanze na slipu. PAYE ya Tanzania Bara inakwenda kwa ngazi. Sh 270,000 za mwanzo za mwezi hazitozwi kitu. Kinachozidi hapo hadi 520,000 kinatozwa asilimia 8. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, kutoka 760,000 hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na zaidi ya milioni moja ni asilimia 30. Ili usihesabu kutoka chini kila mara, kumbuka vituo vitatu: ukifika 520,000 kodi imeshakuwa 20,000, ukifika 760,000 ni 68,000, ukifika 1,000,000 ni 128,000. Kutoka kwenye kituo chako, piga asilimia ya kile kilichozidi tu. Mtu aliyepanda kutoka 760,000 hadi 770,000 hatozwi asilimia 25 ya mshahara wote. Anatozwa asilimia 25 ya ile 10,000 iliyozidi, basi.

Sasa chukua mshahara wako. Mhasibu wenu amechukua 850,000 nzima, akatoa 760,000, ikabaki 90,000. Asilimia 25 yake ni 22,500. Ukijumlisha na 68,000 unapata 90,500, ndiyo hiyo iliyo kwenye slipu. Kosa liko mwanzo kabisa wa hesabu. Mchango wako wa NSSF unatakiwa utoke kabla kodi haijapigwa, kwa kuwa sheria inauruhusu mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii uliothibitishwa kupunguza kipato kinachotozwa. 850,000 ukitoa 85,000 inabaki 765,000. Iliyozidi 760,000 ni 5,000, asilimia 25 yake ni 1,250, kodi ni 69,250. Mwenzako hapendelewi. Mwajiri wake amehesabu sawasawa, wako hajahesabu.

Tofauti ni Sh 21,250 kwa mwezi, Sh 255,000 kwa mwaka. Kwa nyumba yenye watoto wawili wa shule hiyo si hela ya kuachia hivihivi.

Kompyuta kweli ndiyo inayokokotoa, ila inakokotoa ilivyoelekezwa. Kwenye programu nyingi za mishahara, NSSF huandikwa kama kato, na mtu anayeipanga anatakiwa aweke alama kwamba kato hilo linatoka kabla ya kodi. Asipoweka, programu inaliweka pamoja na Bodi ya Mikopo, chama cha kuweka na kukopa na madeni mengine yanayotoka baada ya kodi. Likishakosewa mwezi wa kwanza linajirudia kila mwezi, na kwa kuwa slipu inaonyesha makato yote yamefanyika, hakuna anayeshtuka. Yaelekea wenzako wa shule nzima wana kosa hilohilo. Waambie wapige hesabu zao.

Kabla hujakimbilia TRA, jiulize: ile 21,250 ya kila mwezi iko kwa nani? Mwajiri anatakiwa kuwasilisha PAYE ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, pamoja na orodha ya kila mfanyakazi, malipo yake na kodi yake. Inawezekana amewasilisha 90,500 kwa jina lako, na hapo fedha iko serikalini. Lakini inawezekana pia slipu inasema 90,500 huku TRA imepelekewa 69,250, na tofauti imebaki kwenye akaunti ya shule, kwa kusudi au kwa kutoelewana kati ya programu mbili. Hapo ukidai TRA utaambiwa hawana chako, na watakuwa wanasema kweli.

Kinachotoa jibu ni cheti cha kodi ya zuio kwenye ajira, yaani karatasi inayoonyesha kodi ambayo mwajiri amekukata na kuiwasilisha. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mwajiri anatakiwa akupe cheti hicho ifikapo 30 Januari baada ya mwaka kwisha. Ukiacha kazi katikati ya mwaka, anatakiwa akupe ndani ya siku moja tangu ajira ilipokoma. Wafanyakazi wengi hawajawahi kukiona kwa sababu hawajawahi kukiomba. Mwandikie mwajiri barua fupi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa:

"Naomba cheti cha kodi ya zuio cha mwaka mzima uliopita, kikionyesha jumla ya malipo yangu, michango ya NSSF na PAYE iliyowasilishwa TRA kwa namba yangu ya mlipakodi (TIN). Pia naomba PAYE yangu ikokotolewe upya baada ya kuondoa NSSF: 850,000 kutoa 85,000 ni 765,000, hivyo PAYE ni 69,250 na si 90,500. Naomba kilichozidi kirekebishwe."

Usimwandikie kwa ukali wala usimtuhumu mhasibu. Weka hesabu tu, atakayeisoma ataielewa.

Cheti kikija, jumlisha PAYE ya slipu zako 12. Zako zitatoa 1,086,000. Kama cheti nacho kinasema 1,086,000, fedha iko TRA na njia yake nitaieleza hapa chini. Kama kinasema 831,000, mwajiri ana 255,000 zako. Hapo ni suala la makato yasiyo halali kwenye mshahara. Akigoma kurudisha, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Muda wa kufungua mgogoro usiohusu kuachishwa kazi ni siku 60 tangu ulipotokea, kwa hiyo ukishapata jibu la kukataa usikae nalo mezani.

Ukiwa kwenye kazi hiyo, angalia pia taarifa yako ya michango NSSF. Kuna waajiri wanaokata 85,000 kila mwezi lakini mfuko hauioni. Slipu si uthibitisho kwamba mchango umefika.

Posho ya usafiri inatozwa, hapo mwajiri wako hajakosea. Mtumishi wa serikali posho zake za nyumba, usafiri na muda wa ziada zimesamehewa kodi kwa mujibu wa sheria, na ndiyo maana jirani yako mtumishi anaweza kuwa na slipu nzuri kuliko yako kwa fedha ileile. Msamaha huo haugusi shule binafsi. Kwa upande wa shule binafsi, kinachosaidia ni matibabu: mwajiri akikulipia matibabu au bima ya afya wewe, mwenzi wako na watoto hadi wanne, na akafanya hivyo kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi, gharama hiyo haihesabiwi kuwa kipato chako. Siku mkikaa kujadili maslahi na uongozi wa shule, kumbukeni kwamba bima inayolipwa na shule inawafikia nzima, wakati posho ya kiasi hichohicho inapita kwanza kwenye PAYE.

Bodi ya Mikopo haipunguzi kodi hata shilingi. Ile asilimia 15 ya mshahara wa msingi ni deni unalolipa kwa fedha iliyokwisha kutozwa.

Sasa ile kazi ya jioni. Mtu mwenye ajira mbili anatakiwa aichague moja kuwa ajira kuu. Hiyo ndiyo inayotumia ngazi za PAYE, pamoja na ile 270,000 isiyotozwa. Ajira ya pili inakatwa asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza, na asilimia 30 ya 300,000 ni 90,000. Chuo hakikukuonea. Mantiki yake ni kwamba nafuu ya ngazi za chini umeshaitumia shuleni, huwezi kuitumia mara mbili.

Ila asilimia 30 ni makadirio, na kwako yamezidi. Kodi ya mapato ni ya mwaka mzima, makato ya kila mwezi ni malipo ya awali tu. Kwa mwaka, ngazi ni zilezile zilizozidishwa mara 12: 3,240,000 haitozwi, ukifika 6,240,000 kodi ni 240,000, ukifika 9,120,000 ni 816,000 na ukifika 12,000,000 ni 1,536,000.

Weka mwaka wako wote pamoja. Shule, baada ya NSSF, ni 765,000 mara 12, yaani 9,180,000. Chuo ni 1,800,000. Jumla 10,980,000. Iliyozidi 9,120,000 ni 1,860,000, asilimia 25 yake ni 465,000, ukijumlisha na 816,000 kodi yako ya mwaka ni Sh 1,281,000. Hukufika kabisa kwenye ngazi ya asilimia 30.

Ulichokatwa je? Shule 1,086,000, chuo 540,000, jumla 1,626,000. Umezidishiwa Sh 345,000: ile 255,000 ya kosa la mhasibu, na 90,000 iliyotokana na asilimia 30 ya chuo. Hii 90,000 haina mwenye kosa. Hakuna mwajiri anayeweza kukurekebishia, kwa sababu hakuna mmoja wao anayeona mshahara wako wote. Inapatikana kwa wewe mwenyewe kuwasilisha ritani ya mwaka, yaani fomu ya kueleza vipato vyako vyote na kodi uliyokwisha kukatwa.

Sijaona NSSF kwenye malipo ya chuo. Kama ulikuwa na mkataba wa ajira, waulize kwa nini hawakuchangia. Hesabu ya hapo juu inafuata ulivyoandika.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo ni baya zaidi, maana mwanzoni linafurahisha. Mwajiri wa pili akitumia ngazi za kawaida, kwenye 300,000 atakukata 2,400 tu. Unaona umepona. Kumbe kodi halisi ya fedha hiyo, ukiiweka juu ya mshahara wako wa shule, ni 75,000 kwa mwezi. Kwa miezi sita unakuwa na deni la 435,600, na TRA ikija kulidai linakuja na riba. Mwenye ajira mbili awaambie waajiri wote wawili, kwa maandishi, ipi ni kuu. Ile yenye mshahara mkubwa ndiyo inayofaa kuwa kuu.

Kwa wasomaji wenye ajira moja walioanza kukuna kichwa: mfanyakazi wa mwajiri mmoja asiye na kipato kingine kwa kawaida hatakiwi kuwasilisha ritani, hesabu yake inaishia kwa mwajiri. Lakini zipo hali mbili ambazo hata yeye hukatwa zaidi. Ya kwanza ni kufanya kazi sehemu ya mwaka. Aliyelipwa miezi mitano kisha akakaa bila kazi ametumia nafuu ya miezi mitano tu, ilhali ngazi za mwaka zinampa ya miezi 12. Ya pili ni malimbikizo. Chukua mtu ambaye baada ya NSSF ana 700,000. Kodi yake ni 56,000 kwa mwezi. Mwajiri akichelewesha mwezi mmoja kisha akalipa miwili pamoja, na mhasibu akaiingiza 1,400,000 kama mshahara wa mwezi mmoja, kodi inaruka hadi 248,000 badala ya 112,000. Sh 136,000 zimekwenda kwa sababu tu mishahara miwili imeingia kwenye mstari mmoja. Dawa ya haraka ni kumwomba mhasibu akokotoe kila mwezi kwenye mwezi wake, kabla mwaka haujafungwa. Mkishavuka Desemba inakuwa kazi ya ritani na madai.

Turudi kwako. Ritani ya mwaka wa kalenda inawasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani mwisho ni 30 Juni. Unahitaji TIN. Kama ulishapewa TIN wakati wa kuomba leseni ya udereva au uliposajiliwa kazini, tumia hiyohiyo; mtu ana TIN moja maisha yake yote, na kuomba ya pili kunavuruga kumbukumbu zako. Kama huna, inatolewa bure kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Kagua jina kwenye TIN, NIDA na akaunti ya benki. Wanawake wengi hukwama hapa, TIN ina jina la baba na akaunti ina jina la mume. Rekebisha hilo mapema, kabla ya kudai chochote.

Ritani inajazwa kwenye mfumo wa TRA mtandaoni. Weka vipato vyote viwili, hata kama unachodai ni cha kimoja. Weka mchango wa NSSF. Kisha weka kodi iliyokwisha kuzuiwa na kila mwajiri kwa kufuata vyeti, si slipu. Mfumo ukilinganisha na ulichowasilishiwa na waajiri na ukakuta tofauti, dai linasimama hadi tofauti ielezwe. Ndiyo maana ni heri shule isahihishe taarifa zake kwanza. Ikisahihisha na kukurudishia 255,000 kupitia mishahara ijayo, wewe TRA utadai 90,000 tu. Usizidai 255,000 sehemu zote mbili.

Baada ya ritani ndipo unapoandika maombi ya marejesho kwenye ofisi ya TRA inayoshughulikia TIN yako. Ambatisha vyeti vya waajiri wote wawili, slipu za miezi yote, mikataba, taarifa ya michango ya NSSF na karatasi moja yenye hesabu kama nilivyoiweka hapa. Hiyo karatasi moja inafupisha sana kazi ya afisa anayepitia faili. Kama una deni jingine la kodi, TRA italikata kwanza ndipo ikurudishie kilichobaki. Muda wa kuomba ni miaka mitatu tangu kodi ilipolipwa, kwa hiyo kama shule imekuwa ikikosea tangu zamani, unaweza kurudi nyuma hadi hapo tu, na kila mwezi unaopita unakula mwezi mmoja wa nyuma. Ukipewa uamuzi usioridhika nao, pingamizi linawasilishwa ndani ya siku 30. Kama tatizo si uamuzi bali ni kuzungushwa, faili halisogei na hakuna anayekujibu, peleka malalamiko kwa Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi.

Kuhusu watoto na ada. Kwa mfanyakazi wa Tanzania Bara, PAYE haiangalii idadi ya watoto wala ada za shule, na hata kodi ya jengo unayokatwa ukinunua LUKU haiingii humo. Nafuu ya mwenye kipato kidogo imewekwa kwenye ngazi zenyewe: kiwango kisichotozwa kilipandishwa kutoka 170,000 hadi 270,000 mwaka 2020, na asilimia ya ngazi ya kwanza ikashushwa kutoka 9 hadi 8 mwaka 2021. Unaweza kuona kwamba haitoshi, na wazazi wengi wanaona hivyo, lakini usijaze ada kwenye ritani ukitumaini itapita.

Marekani wamepanga vingine. Kule mwajiri anakata kodi kwa makadirio, mwanzo wa mwaka anatoa fomu W-2 inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, na mfanyakazi anajaza ritani ifikapo 15 Aprili. Anachorudishiwa kaka yako sehemu kubwa yaweza kuwa mshahara wake mwenyewe uliokatwa zaidi. Ila wana pia nafuu za familia, na hapa kuna tofauti unayopaswa kuielewa maana inakuhusu hata wewe. Kuna kitu kinachopunguza kipato kabla ya kodi kupigwa, na kuna kitu kinachopunguza kodi yenyewe. NSSF yako ni ya aina ya kwanza: 85,000 inatakiwa ikuokolee 21,250, yaani robo, kwa sababu ngazi yako ni asilimia 25. Nafuu ya mtoto ya Marekani ni ya aina ya pili. Kwa mwaka wa kodi 2025 ni hadi dola 2,200 kwa mtoto aliye chini ya miaka 17, na inatoka kwenye kodi yenyewe dola kwa dola. Sehemu yake, hadi dola 1,700, inaweza kulipwa hata kwa mtu ambaye kodi yake imeshafika sifuri. Ndiyo maana watu wanashawishika kuongeza majina.

Usimpe vyeti vya watoto. Mpwa anakubalika kwa undugu, na huenda hilo ndilo kaka yako aliloambiwa. Lakini mtoto anatakiwa awe ameishi na mdai zaidi ya nusu ya mwaka, awe raia au mkaazi wa Marekani, na awe na namba ya hifadhi ya jamii ya kule. Watoto wako wanaishi Tabata. Akiwaandika, atakuwa ametoa taarifa ya uongo kwa IRS, mamlaka ya kodi ya kule. Atarudisha fedha pamoja na adhabu, na anaweza kuzuiwa kudai nafuu hiyo kwa miaka 2 kwa uzembe au miaka 10 kwa udanganyifu, hata akija kuwa na watoto wake mwenyewe. Na kwa mgeni anayetafuta makazi ya kudumu, rekodi ya namna hiyo ni hatari. Mwambie hivyo kwa upole, yawezekana hajaelezwa upande huo.

Mume wako ana habari njema. Asilimia 5 inayozuiwa kwenye malipo ya huduma kwa mkaazi si kodi ya mwisho. Ile 60,000 ni kodi aliyotanguliza, nayo ni ile aina ya pili: inatoka kwenye kodi yake ya mwaka shilingi kwa shilingi. Sharti lake ni cheti cha kodi ya zuio kutoka kampuni iliyozuia, chenye TIN yake iliyoandikwa sahihi. Bila cheti, TRA haina cha kumpunguzia. Adai cheti siku anapolipwa, maana mradi ukiisha na mhasibu akahama, kukitafuta ni adha. Na ankara aitenganishe, vifaa mbali na ufundi mbali, ili asizuiwe asilimia 5 hata kwenye nyaya na swichi alizonunua dukani. Riba ya akiba ya benki ni tofauti: ile asilimia 10 inayokatwa kwa mtu binafsi ni ya mwisho, haidaiwi.

Kijana wa nywila ni kishoka. PAYE ya miaka mitano haidaiki, mwisho ni mitatu. Anayeingia kwenye akaunti yako anaweza kujaza gharama za kubuni, kubadili namba ya simu na akaunti ya benki, na ritani itakayokwenda ni yako, kwa TIN yako, utakayeitwa kujibu ni wewe. Wale walimu wawili waliompa wabadilishe nywila leo, wakague namba ya simu na akaunti ya benki iliyosajiliwa, na waangalie kama kuna ritani iliyowasilishwa kwa majina yao. Wakiikuta, wapeleke taarifa ofisi ya TRA kwa maandishi kabla haijashughulikiwa. Kama kuna mwalimu anayehitaji mtu wa kumsaidia hesabu, atafute mshauri wa kodi aliyesajiliwa na TRA, amwonyeshe usajili wake, na mwalimu akae pembeni yake akiingiza nywila mwenyewe.